Nani Apange, Nani Avunje

Kuna sauti mbili za kuvunja mipira ya pool, yaani lile pigo la kwanza la kuitawanya, na mimi nilizijua kabla sijajua kushika fimbo. Ya kwanza ni paa! moja, kavu, kama mlango uliopigwa na upepo wa kaskazi. Ya pili ni pa-ta, sauti iliyokatika katikati, kama mtu aliyeanza tusi akakumbuka kuwa mamamkwe yuko sebuleni. Ukiisikia hii ya pili, huna haja ya kugeuka kutazama meza. Mipira imejikusanya palepale ilipokuwa, hakuna ulioingia, na aliyevunja anatazama ncha ya fimbo yake kana kwamba kosa ni la chaki.

Kosa ni la mpangaji. Na mpangaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la saba, Kisauni, Mombasa. Kila alasiri nikitoka madrasa nilipitia kibanda cha makuti cha jirani yetu mmoja tuliyemwita Ami, aliyekuwa na meza moja ya futi saba, ile ya kutumbukiza shilingi. Mama alidhani niko tuisheni. Ami hakunilipa pesa. Alinilipa fremu moja ya bure, yaani mchezo mmoja, usiku, meza ikishakosa watu, na kwa mtoto wa umri ule huo ulikuwa mshahara wa bandarini. Kazi yenyewe: kusanya mipira, panga, ondoa pembetatu ya kupangia, kaa kando, funga mdomo.

Wateja wengi walicheza mchezo wa kawaida wa mipira 15, huyu mistari, yule rangi tupu. Lakini kulikuwa na kundi la saa za magharibi, vijana wa bandarini waliokuja wakiwa bado na vumbi la magunia kwenye nyusi, na hao hawakutaka kitu isipokuwa tisa. Kwa asiyeujua mchezo huu, hesabu yake ni fupi. Mezani kuna mipira 9 tu, wa 1 hadi wa 9. Kila unapopiga, mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki. Ukishaugusa huo, chochote kikiingia ni halali yako. Anayeutia wa 9 ndiye mshindi, hata kama wa 2 hadi wa 8 bado iko mezani inashangaa.

Meza ya shilingi na tisa haviivi chungu kimoja. Meza ile hula mpira ukiingia, na haiutoi mpaka ulipe tena. Sasa wa 9 ukiingia kwa kosa, mathalani mweupe nao umezama, sheria inataka urudishwe mezani. Utaurudishaje nao uko tumboni mwa mbao? Tuliziba mashimo yote sita kwa magazeti yaliyofinyangwa na mifuko ya plastiki, mpira ukiingia unabaki umekaa mdomoni pa shimo. Mipira sita iliyobaki, wa 10 hadi wa 15, nilikuwa naipanga chini ya kiti cha Ami kama mayai. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mchezo wa haki huanza na matengenezo madogomadogo ambayo hakuna anayeyasifu.

Sasa kupanga. Mipira 9 hukaa kwa umbo la almasi: mmoja, miwili, mitatu, miwili, mmoja. Wa 1 unatangulia mbele, juu ya alama ya mezani. Wa 9 unakaa katikati kabisa. Mingine saba, kwa sheria za kimataifa, huwekwa ovyo, bila mpango wa makusudi. Kumbuka hayo maneno, bila mpango wa makusudi, maana ndiyo yaliyonigharimu baadaye.

Pembetatu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mipira 15. Almasi ya mipira 9 haiijazi. Kuta zake mbili zinashika mbele, lakini nyuma hakuna kitu ila vidole vya mpangaji. Unatia vidole ndani ya pembetatu, unasukuma mipira mbele mpaka isikie kuta, unahisi inagusana, halafu unavitoa vidole taratibu, na mwisho unainua pembetatu bila kuyumba. Kila moja ya hatua hizo ni mlango wa wizi. Ukitoa vidole haraka, miwili ya nyuma inapumua na kurudi nyuma kidogo. Ukiinua pembetatu kwa kuivuta kuelekea kwako, mpira wa mwisho unaifuata. Na ukiinua huku umeielekeza mbele hata kidogo sana, ile kona inauchukua wa 1 na kuuachisha na miwili iliyo nyuma yake.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa yangu. Jamaa mmoja alinifundisha jioni moja, akanitilia shilingi 20 mkononi, akasema, "Yule mrefu akivunja, mpangie mapengo. Nikivunja mimi, mpangie ukuta." Sikuuliza mara mbili. Pengo lenyewe hulioni ukiwa umesimama. Ni nafasi ambayo ungepitisha karatasi ya daftari, si zaidi. Lakini mrefu alivunja kwa nguvu zake zote, mabega ya mtu aliyebeba magunia mchana kutwa, na meza ikajibu: pa-ta.

Alivunja hivyo mara nne usiku ule. Mara ya nne alikaa chini akaitazama fimbo, akaipima uzito mkononi, akaibadilisha na nyingine ukutani. Hakunitazama mimi. Ningekuwa mtu mzima pengine angenitazama, lakini nani humshuku mtoto wa madrasa mwenye kofia?

Ami ndiye aliyejua. Hakunipiga. Usiku, baada ya kuzima taa ya nje, alinipa ile fremu yangu ya bure kama kawaida, akapanga yeye, akaniambia nivunje. Pa-ta. Akapanga tena. Pa-ta. Mara ya tatu akasema, "Mwamba ngoma, mwanangu, ngozi huivutia kwake. Weye humu ngomani huna ngozi. Wavutiani?" Akanipa ufagio badala ya fimbo. Wiki nzima nilifagia.

Miaka imepita, na nimefikiri juu ya pengo lile kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi na watoto. Kwanza nilitaka kujua kwa nini upana wa karatasi unaweza kumharibia mtu usiku. Chora almasi hiyo kwenye karatasi uhesabu mahali ambapo mpira unagusa mpira. Utapata mahali 16. Wa 1 unagusa miwili tu. Wa 9, kwa kuwa uko katikati, unagusa sita. Mweupe unapougonga wa 1, nguvu hupita katika migusano hiyo yote karibu kwa wakati mmoja, na kila mpira unachukua njia yake. Njia hizo si za bahati. Mipira ikiwa imebanana sawasawa, ukivunja kutoka mahali palepale kwa nguvu ileile, mipira hutoka kwa njia zinazofanana mara baada ya mara. Tenganisha wa 1 na mmoja wa majirani zake, na nguvu inaingia upande mmoja kwanza, upande wa pili unachelewa, na utaratibu wote unavurugika. Zile sauti mbili nilizozitaja ni hicho tu: mipira inayoondoka pamoja, na mipira inayosubiriana.

Halafu mipira yenyewe. Kipimo rasmi ni milimita 57.15 kwa upana, na tofauti inayokubaliwa ni milimita 0.127, yaani unywele mmoja au miwili. Mipira ya Ami ilikuwa imeangukia sementi mara nyingi kuliko ilivyoangukia mashimo. Wa 6 ulikuwa na kidonda. Ukiwa na mipira tisa yenye unene tisa tofauti, hata malaika akipanga patabaki mapengo mahali fulani. Na kitambaa nacho kina kumbukumbu. Pale kwenye alama, mahali ambapo wa 1 umewekwa maelfu ya mara na kugongwa maelfu ya mara, panakuwa na kishimo. Mpira unatumbukia humo upende usipende, ukiwa sawa na wenzake au la. Hapa kwetu ongeza unyevu. Wakati wa masika kitambaa kinakuwa kizito kama kanga iliyoanikwa ikanyeshewa, mipira inanata, na mipira iliyopangwa haijirekebishi yenyewe hata kwa kuisukuma.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mpinzani amenipangia vibaya," siku hizi swali langu la kwanza ni: amekusudia, au meza ndiyo imekusudia? Mara nyingi huwezi kujua. Na ndiyo sababu sipendi ile desturi ya mabaraza yetu, kwamba aliyeshindwa ndiye anayempangia mshindi. Inasikika kama adabu. Kwa kweli ni kumpa mtu aliyekasirika kazi ya kumtengenezea chakula yule aliyemkasirisha. Akipanga vibaya kwa bahati, ataambiwa mwizi. Akipanga vibaya kwa kusudi, ataapa wallahi ni meza. Kila fremu inaanza na ubishi: huyu anainama, anasema panga tena, yule anapanga tena, huyu anainama, wa 7 umeachana, yule anatupa pembetatu. Nimeona fremu ya dakika nne ikitanguliwa na mabishano ya dakika kumi.

Wenye busara wakasema, basi kila mtu ajipangie. Hili nalo lina sura nzuri, na kwa muda niliamini ndilo jawabu, mpaka siku niliyoenda kwenye mashindano madogo ng'ambo ya daraja la Nyali. Jina la ukumbi nitaliacha. Meza zilikuwa nzuri na wenyewe walikuwa wakarimu. Kanuni ilikuwa jipangie, mshindi anavunja tena, wa kwanza kufika 7. Mpinzani wangu alikuwa kijana mpole, mwenye kitambaa cha kufutia mipira kimekunjwa mfukoni. Alifuta kila mpira. Alipanga kwa dakika mbili nzima. Kisha alivunja, mpira mmoja ukaingia, na wa 1, wa 2 na wa 3 ikabaki mahali ambapo hata mimi ningeimaliza.

Fremu ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nikaacha kutazama fimbo yake nikaanza kutazama mikono yake. Wa 2 kila mara nyuma kabisa. Wa 3 kila mara upande wa kulia. Wa 8 kila mara palepale. Yule kijana hakuwa anapanga mipira, alikuwa anapanga fremu. Kwa kuwa njia za mipira hurudiarudia, akishajua mpira wa mahali fulani huenda wapi, anaweka hapo namba anayotaka kuikuta huko. Nilifungwa 7–3, na hizo tatu zangu nilizipata kwa sababu alikosa mwenyewe. Nilimwendea msimamizi nikasema huu ni mpango wa makusudi. Akaniuliza kwa upole kama niliona kanuni yao iliyobandikwa mlangoni. Nikaenda nikaisoma. Ilisema wa 1 mbele, wa 9 kati. Basi. Mingine haikutajwa. Hakuvunja sheria yoyote iliyokuwapo. Nilinunua mishkaki nikapanda matatu nikarudi zangu, na sikumchukia. Nilijichukia mimi kwa kuwa nilikuwa najipangia ovyo kweli, kama mjinga aliyealikwa kwenye mnada bila pesa.

Ukitaka dawa ya hilo, ni nyepesi. Mwambie mpinzani anyooshe kidole: wa 2 hapa, wa 5 pale. Au mtu mwingine aichanganye ile mipira saba kabla ya kuipanga. Tatizo lake ni kwamba lazima likubaliwe kabla ya fremu ya kwanza, si baada ya ya tatu.

Lakini hata ukiondoa hila zote, kuna jambo lililonisumbua zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nilipokuwa mtoto niliamini haki ni kubana. Mapengo ni wizi, ukuta ni haki. Nimekuja kuona ukuta nao una mwenyewe.

Tazama mipira miwili iliyo pembeni katika safu ya kati, ile iliyo kushoto na kulia kwa wa 9. Mimi huiita mbawa. Mipira ikipangwa imebanana kikamilifu na wa 1 ukiwa juu ya alama, mvunjaji aliyefanya mazoezi anaweza kuutuma ubawa mmoja kwenye shimo la kona karibu kila anapovunja. Halazimiki hata kupiga kwa nguvu. Mwaka 2001 Mmarekani Corey Deuel alitwaa ubingwa wa US Open wa mipira tisa kwa kuvunja polepole, na katika fainali akamfunga Mika Immonen wa Ufini 11–0. Mipira iliyobanana, mguso laini, ubawa unaingia, mingine inabaki karibukaribu kama kuku wa jioni. Watu walilalamika, lakini walalamike nini? Alikuwa amepangiwa sawa na mwenzake. Tatizo ni kwamba kuvunja kulikuwa kumekuwa ufunguo wa nyumba, na anayeingia ndani hana sababu ya kumfungulia mwingine.

Ndiyo maana wenye mashindano makubwa wamekuwa wakisogezasogeza mambo. Wengine walianza kuuweka wa 9 juu ya alama badala ya wa 1. Ukifanya hivyo, almasi yote inasogea mbele kumwelekea mvunjaji kwa karibu sentimita 10, na mbawa hazitazamani tena na kona kama zamani. Wengine wakachora kisanduku ambamo mweupe lazima uwekwe, ili mtu asijibanze ukingoni kutafuta pembe. Na kuna kanuni inayotaka angalau mipira mitatu iingie au ivuke mstari wa upande wa mvunjaji, ili ule mguso laini wa kubembeleza usifae. Sheria ya kawaida yenyewe hutaka tu kwamba, kama hakuna ulioingia, mipira minne ifike kwenye kingo. Wapo pia waliohama kabisa wakaenda kwenye mipira 10, ambayo hukaa kwa pembetatu kamili ya safu nne.

Nimejaribu wa 9 juu ya alama na rafiki zangu. Inasaidia. Haimalizi. Watu walijifunza kuutafuta wa 1 kwenye shimo la kati badala ya ubawa kwenye kona. Mwizi wa nazi ukimkatia mnazi atapanda mwembe.

Wazee wa keram, ule mchezo wa kete ubaoni, Mji wa Kale walilimaliza jambo hili kitambo, kwa njia yao. Kete za keram 19 hupangwa katikati ya ubao: malkia mwekundu kati, sita zikimzunguka, kumi na mbili nje, nyeusi na nyeupe zikipishana. Nimewatazama wakipanga barazani. Mmoja anapanga, mwenzake anaizungusha ile duara kwa viganja viwili, kidogo tu, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa, na hapo ndipo mvunjaji anaruhusiwa kupiga. Hakuna aliyeandika hiyo popote. Anayepanga si wa mwisho kugusa. Nilipowauliza kwa nini, mmoja alinitazama kama niliyeuliza kwa nini kahawa humiminwa kutoka juu.

Hilo ndilo nililolichukua. Kwenye meza yetu ya sasa, Bamburi, ambako tunacheza Jumamosi baada ya isha, tuna mambo matatu. Kuvunja ni zamu kwa zamu, hata mshindi akiwa ameshinda mara tano. Nani aanze, tunapiga mpira kwenda ukingo wa mbali na kurudi, wa karibu na ukingo wake ndiye anayeanza. Meza hii imesawazishwa, ya Ami ingehitaji kurusha sarafu. Anayevunja anajipangia mwenyewe, lakini mpinzani ndiye anayechagua namba za mbawa na ya nyuma. Na hatutumii pembetatu. Tunatumia mbavu.

Nieleze. Katika mashindano makubwa wana karatasi nyembamba ya plastiki iliyotobolewa. Unaitandika, unaweka mipira kwenye vitobo, kila mmoja unatulia mahali pake ukiegemea wenzake, na unavunja bila kuiondoa. Inatolewa baadaye mipira ikishatawanyika. Hakuna vidole, hakuna kuinua, hakuna kona ya pembetatu ya kuvuta wa 1. Tulipoulizia bei ya kuagiza, na ushuru, tukacheka. Rafiki yangu mmoja, fundi wa friji Kongowea, akasema plastiki nyembamba isiyochanika si tunayo, kila nyumba inayo, imefichwa juu ya kabati pamoja na kadi za kliniki. Akaleta picha ya eksirei ya kifua, ya marehemu babu yake.

Tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza tulikata vitobo katikati yake vikiwa mbali kwa milimita 57 na nusu, tukidhani tunaacha nafasi ya usalama. Mipira ilikaa vizuri sana, kila mmoja peke yake, kama watu kwenye benki. Pa-ta. Mara ya pili tukapima mipira yenyewe kwa kipimo cha fundi, tukakata vitobo vikikaribiana kidogo kuliko upana wa mpira, kiasi cha kufanya mipira isukumane badala ya kutulia. Vitobo vyenyewe ni vidogo, havipiti upana wa sarafu ya shilingi 20, maana mpira unahitaji kukamatwa chini tu. Tulivikata kwa bikari yenye wembe, mkono mmoja ukiwa umeshika na mwingine ukizungusha, na jasho likidondoka kwenye mbavu za babu. Kingo za vitobo tulizisugua kwa msasa laini, vinginevyo zinakwaruza kitambaa, na mwenye meza angetufukuza.

Mara ya kwanza tulipoitandika na kupanga, tuliinama wote wanne tukamulika kwa simu. Ukimulika kutoka upande, kwenye pengo mwanga unapita na kuchora mstari juu ya kitambaa. Tulizunguka meza nzima. Hakuna mstari. Rafiki akavunja.

Paa.

Tulipigiana makofi kama tuliofunga bao la Gor Mahia.

Msidhani ugomvi umekwisha. Wiki ya tatu tu mmoja wetu alianza kudai kwamba karatasi imewekwa imepinda, na alikuwa na haki: ukiizungusha almasi kidogo, mbawa zinabadilisha mwelekeo, na mtu mwenye jicho anaweza kuizungusha kwa faida yake huku akijifanya anaitandaza. Tukachora mistari miwili midogo kwa kalamu kwenye kitambaa ili karatasi ikae sawa kila mara. Mwenye meza alipoiona mistari alitaka kulia. Yupo pia anayesema kucheza hivi kumeondoa utamu, kwamba kuisoma meza mbaya na mpangaji mbaya ni sehemu ya ujuzi. Namwelewa. Mimi mwenyewe naikumbuka meza ya Ami na ule mteremko wake wa kuelekea mwembeni, na bado najua ni nguvu gani ya kuupiga mpira ili upande ule mlima. Lakini anayesema hivyo ndiye anayeshinda sana, na mara nyingi huwa hivyo.

Yule mrefu wa bandarini nimemwona mara moja tu tangu siku zile, kwenye feri ya Likoni, amenenepa, ameshika mkono wa mtoto wa kike mwenye sare ya shule. Nilitaka kumsalimia, kisha nikafikiri nitamwambia nini. Shikamoo, fimbo yako haikuwa na kosa? Feri ikafika ng'ambo, watu wakaanza kusukumana kushuka, nikampoteza.

Jumamosi iliyopita kitobo cha mbele, cha wa 1, kimechanika. Ndicho kinachopigwa zaidi. Tulikitia gundi ya karatasi, ikafanya kinundu, na wa 1 ukakataa kutulia. Fundi wa friji alisema kwao eksirei zimekwisha, babu alikuwa na moja tu. Ikawa zamu yangu kutafuta. Jumapili nikaenda kwa mama, nikanywa chai, nikala mbaazi, nikasalimia jirani, ndipo nikauliza kama bado anazo zile picha za hospitali.

"Za nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamweleza mpaka vile vitobo. Akanyamaza muda, akiniangalia kwa jicho lilelile la zamani, la nilipokuwa nikisema niko tuisheni.

"Kwa hiyo mwataka kunitandika mezani, mukanigonga na mipira."

"Si wewe, mama. Ni picha."

Akainuka, akavuta kiti, akapapasa juu ya kabati, akashuka na bahasha mbili kubwa za kaki. Akazitoa picha akaziinua dirishani moja moja, kwenye mwanga, akizisoma kama barua. Moja akairudisha kwenye bahasha akaikalia.

"Hiyo ya goti chukua," akasema. "Ya kifua niachie, daktari aweza kuiuliza."